Mpaka Pampu Ivuke Mvua

Mume wangu Musila ni fundi wa umeme, na niseme mapema kwamba si wale wa kubadilisha balbu. Yeye hufunga draivu. Draivu ni kile kisanduku kinachokaa kati ya umeme na mota, kinachoamua mota izunguke pole au mbio, ianze bila kushtuka na isimame bila kuumia. Pampu za visima virefu vya Kajiado zinaendeshwa hivyo siku hizi, na mashine za viwanda vya Kitengela pia. Najua haya yote ingawa mimi ni mkulima wa vitunguu na nyanya huku Entarara, karibu na Loitokitok. Nimeyajulia kwenye simu, kwa sababu kwa miaka mingi mume wangu nimekuwa naye kwenye simu.

Chumba chake kiko Kitengela, nyuma ya mahali wanapouza mawe ya kujengea. Nimewahi kukaa huko siku chache. Kuna kitanda, kuna mtungi wa gesi, na ukuta mzima wa kebo zilizotundikwa kwa kufuata ukubwa wake, safi kuliko mashati yake. Mimi nilibaki Entarara kwa sababu shamba liko Entarara, na zamu yako ya mfereji ikifika, maji hayamngoji mtu aliye Kitengela. Tulipooana tulikubaliana kwamba hayo ni ya muda tu. Watoto wamekua wakaondoka, na huo muda bado haujaisha.

Sijui wanaume wengine walio mbali huongea nini na wake zao jioni. Wangu huongea kebo. Akishakula ananipigia, anauliza habari za mfereji, anauliza watoto, kisha anaanza. Draivu, huniambia, inapiga kelele. Si kelele ya kusikika kwa sikio, ni kelele ya umeme, inayotoka kwenye kebo ya mota na kurukia kila waya ulio karibu, mpaka redio inakwaruza na mita zinasema uongo. Kwa hiyo kebo ya mota lazima ivae koti la nyuzi za chuma, na koti hilo libanwe mzunguko mzima kwenye chuma cha sanduku, kule na huku. Wavivu hulisokota likawa kamkia na kulibana na skrubu moja, na Musila akiwataja wavivu hao utadhani wamemwibia mbuzi. Nazo nyaya za sensa, kile kifaa cha kupima maji ya tangi, zipite njia yake. Zisilale kamwe pamoja na kebo ya mota. Zikilazimika kukutana, zikatane msalaba na kila moja iende zake.

"Basi sisi wawili tumefungwa vizuri sana," nilimwambia siku moja. "Hatulali pamoja, na tukikutana tunakatana msalaba, kila mtu anaenda zake."

Nikamsikia akicheka puani. "Kavutha, wewe uko na maneno."

"Niko na maneno kwa sababu sina mume."

Tulicheka wote, lakini simu ilipokatika nilibaki jikoni nikiutazama ugali wangu wa mtu mmoja, na nilimtamani mpaka kifua kikauma. Sioni haya kusema. Nilitamani hata ile harufu yake ya plastiki iliyoungua.

Sasa nije kwa Naserian, maana yeye na pampu yake ndio walionishikia mume. Naserian ni mjane wa Kimaasai mwenye ranchi ng'ambo ya Kajiado mjini, upande wa kwenda Namanga. Ana kisima kirefu, na kiangazi kikikaza ng'ombe wa majirani wote hunywa kwake. Pampu yake ilikuwa na wazimu: inasimama tangi likiwa tupu na kuendelea kusukuma tangi likiwa limefurika. Waliokuja kabla ya Musila walibadilisha sensa ya tangi, wakaibadilisha tena. Musila alifika, akafungua mfereji wa kebo, akakuta waya wa sensa umelala ubavuni mwa kebo ya mota njia nzima. Kelele ndiyo iliyokuwa ikiidanganya sensa. Aliutoa ule waya, akaupitisha njia yake, akaivika kebo ya mota koti, na pampu ikapata akili. Tangu siku hiyo Naserian alimwita mwanangu, naye Musila akamwita Yeyo, mama.

Wakati huo huo ndipo aliponiahidi. Alisema Loitokitok sasa kuna pampu nyingi za wakulima wa mboga, kazi haitakosekana, kwa hiyo angekuja nyumbani kabisa. "Namalizia ya Yeyo, halafu Disemba unaniona na vitu vyangu vyote." Nilimwamini. Nilimwita seremala akatengeneza kitanda kipana, na majirani wakanitania sokoni wiki nzima.

Mvua za vuli zilikuja na radi, na radi ikaichoma draivu ya Naserian. Musila akafunga nyingine, safari hii na kinga ya radi kando yake. Masika yalipofika, hiyo nayo ikaungua. Akafunga nyingine tena. Kinga ya radi haimezi radi, alinieleza. Inaipokea tu na kuipeleka ardhini, kupitia waya mnene, mfupi, ulionyooka, mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa. Njia hiyo ikikatika, ule moto unarudi ndani kutafuta pengine pa kupita, na unapopita ni kwenye draivu. Nayo njia ilikuwa inakatika. Kila mara alikuta udongo umefukuliwa, kibanio kimelegea, waya umeng'olewa. Alijua ni nani. Wezi wa shaba, alisema, wanaokimbia kabla ya kumaliza. Alizika waya zaidi na kuwalaani zaidi. Parsaoti, mwanamume anayechunga ng'ombe wa Naserian na kuangalia pampu, Musila alianza kumsalimia kwa baridi, kwa sababu pale porini mwizi angekuwa nani kama si yeye?

Musila aliona aibu. Akamwapia yule mama mbele ya watu: "Yeyo, sitoki Kajiado mpaka hii pampu ivuke msimu wa mvua bila kufa." Neno limekwisha kutoka, na mume wangu halambi matapishi yake. Hivyo Disemba yangu ikafungwa kwenye pampu ya mtu.

Hebu fikiria. Mimi mkulima, mtu wa kuomba mvua kanisani kwa sauti, nikaanza kuiogopa. Redio ikisema mvua imenyesha Kajiado, wenzangu wanashukuru, mimi nashika simu. Novemba iliyopita iliita kabla sijaishika.

"Imeungua tena," alisema.

"Kwa hiyo Disemba?"

"Kavutha, vumilia kidogo."

Subira huvuta heri, wanasema, lakini yangu ilikuwa imevuta mpaka kamba imekatika. Nilimwachia kaka yangu Kyule zamu yangu ya mfereji, nikajaza kikapu vitunguu vya kumpelekea mwenye ranchi, nikaondoka. Sikumwambia Musila naendea nini. Moyoni nilikuwa nimeamua: nitarudi na mume wangu, au nitarudi na jibu.

Naserian alinipokea mlangoni. "Takwenya," alinisalimia, nami nikaitika "Iko" nilivyozoea kwa Wamaasai wa kwetu, akafurahi, akanipa chai ambayo ni maziwa yaliyosikia tu jina la majani. Musila alitoka nyuma ya nyumba ya pampu akiwa na mavumbi hadi kwenye kope. Alikuwa amekonda. Mbele ya watu hakunikumbatia, alipokea kikapu tu, lakini alikishika pale pale nilipokuwa nimekishika, mkono juu ya mkono, na hakuharakisha kuutoa. Halafu, badala ya kuniuliza nimesafiri vipi, akanipeleka kuiona ile draivu iliyoungua. Huyo ndiye mume wangu.

Kesho yake alikwenda Kitengela kutafuta draivu nyingine, akaniacha na Naserian. Jua lilipoanza kupoa ng'ombe walirudi. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nikichambua mboga, na nikaona kitu ambacho kwa mtu wa Entarara, tunakofungia ng'ombe nyumbani na kuwakatia nyasi, ni kigeni. Hawakwenda kwanza kwenye maji. Walipita birika la kunyweshea, wakazunguka nyuma ya nyumba ya pampu wakisukumana. Niliwafuata. Wengine walikuwa wamepiga magoti wakilamba ardhi. Wengine wanaifukua kwa kwato na kulamba tena. Dume moja kubwa jeupe likaingiza pembe chini ya waya wa shaba, likauinua taratibu, likautupa kando, na kuinamia shimo. Parsaoti alikuwa ameegemea fimbo yake akiwaangalia kwa furaha.

"Parsaoti, hawa wanatafuta nini hapo?"

"Chumvi, mama. Hapa mchanga iko na chumvi tamu kushinda ya Magadi. Tangu fundi ajenge hapa Mungu amefungua. Mimi naleta hata ndama."

"Na hiyo waya?"

"Hiyo inasumbua ulimi yao. Lakini hii kubwa imejua kuitoa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mavi ya ng'ombe. Maana hiyo chumvi niliijua. Musila alikuwa amenieleza kwenye simu, siku zile za kebo. Ardhi ya huko ni kavu na ya mawe, umeme hauingii, kwa hiyo fundi huchimba shimo la ile fimbo, akachanganya makaa na chumvi nyingi, akamwagia maji. Kila draivu ilipoungua aliona ardhi bado haijanywa vya kutosha, akaongeza chumvi. Yaani Mkamba wangu anazika chumvi kwa magunia kwenye boma la Mmaasai, halafu anashangaa nani anafukua! Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amemuuliza Parsaoti kuhusu wezi, na Parsaoti akamjibu kuhusu wezi: hakuna. Kuhusu ng'ombe hakuna aliyemuuliza, na Parsaoti hakuona kwa nini amweleze fundi habari za neema ya Mungu. Musila mwenyewe kila alipokuja alikuja mchana, ng'ombe wakiwa malishoni.

Kisha kicheko kikanigeukia. Disemba yangu, kitanda changu, jioni zangu zote zile, vilikuwa vimelambwa na ng'ombe.

Musila aliporudi sikumngoja aweke mzigo chini. Nilimshika mkono nikampeleka nyuma. Alichuchumaa, akagusa alama za kwato, akachukua udongo kidogo akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Ni mimi," akasema.

Alikwenda moja kwa moja kwa Parsaoti, akampa mikono yote miwili. "Ndugu yangu, nimekushuku bure."

"Mimi nilijua unanishuku," Parsaoti akamjibu. "Nikasema huyu ni mtu mzuri, ni kiburi ya mji tu inamsumbua. Itaisha."

Naserian yeye alicheka mpaka shanga za masikio zikacheza. "Mwanangu, kama ulitaka kulisha ng'ombe yangu chumvi, si ungeniambia nikuletee sahani?"

Tulianza upya. Fimbo ya shaba haikurudi nyuma ya nyumba. Nilimwonyesha mahali upande wa birika, ukutani kabisa, ambapo maji yanayomwagika hunywea na majani hayakauki hata kiangazi. Nilimwambia, "Mimi hapa ningepanda sukuma wiki." Akasema panafaa, ila ule waya lazima ubaki mfupi, usizunguke nyumba. Basi akauhamisha ubao mzima uliobeba draivu na kinga yake, mpaka ukuta wa upande huo. Tulichimba kwa kina, tukazika fimbo kadhaa na kuziunganisha, tukajaza makaa na udongo wa mfinyanzi, bila chembe ya chumvi. Parsaoti alikata matawi ya miiba akazungushia boma dogo. Naserian naye akaagiza mawe ya chumvi yawekwe mbali, ng'ombe wasione wamenyang'anywa haki yao.

Siku zile nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeijua tangu niolewe. Nilishika kebo, yeye akabana koti. Niliuliza, yeye akajibu, na nikaona mdomo wake ukijibu, si sauti tu. Tulilala kwenye kachumba ka mabati karibu na pampu, upepo ukiyapiga, na asubuhi niliamka kabla yake nikamtazama. Na bado nilimtamani, akiwa hapo hapo ubavuni. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hashibi kwa sahani ya kwanza.

Mvua ilikuja alasiri moja kutoka upande wa vilima, nyeusi, na upepo wenye harufu ya vumbi lililolowa. Tulikuwa kwa Naserian. Radi ilipiga nguzo ya umeme iliyo nje ya ua, karibu kabisa. Balbu ya sebuleni ikapasuka na vyombo vikatikisika kabatini. Musila alitoka na mvua ile, akaruka madimbwi, nami nyuma yake na leso kichwani isiyofaa kitu.

Kinga ya radi ina kidirisha kidogo. Kikiwa kijani ni nzima. Kilikuwa chekundu, maana yake imepokea pigo lake, imelipeleka ardhini, imekufa kazini. Musila aliing'oa, akachomeka nyingine. Akaangalia draivu. Akabonyeza. Namba zikawaka, na chini kabisa ardhini tukasikia mota ikianza, pole, pole, kisha ikakaza. Maji yakatoka.

Alipiga kelele ya mtoto. Alikimbia nje akazunguka lile boma la miiba kwenye mvua, akamkumbatia Parsaoti aliyekuja mbio, akanikumbatia mimi mbele ya watu wote. Nilimwangalia usoni. Uso ule sikuwa nimewahi kuuona Entarara, wala siku ya harusi yetu. Hapo moyo wangu ulishuka. Nilijua kabla hajasema chochote.

Naserian alikuja chini ya mwavuli akaangalia maji. "Imetosha," alimwambia. "Hiyo moto imepita hapo na pampu inatembea. Sitangoja mvua iishe. Neno yako imetimia, mwanangu. Nenda na mke wako nyumbani."

Lakini Naserian ana simu, na ana jamaa. Kesho yake kabla ya chai ya saa nne alipiga jamaa yake Metito, mwenye kisima Kona Baridi, ambaye draivu yake nayo inauawa na radi. Mimi ndimi niliyepokea, maana Musila alikuwa juu ya tangi, na nikamwambia apige baadaye. Akapiga wa kiwanda fulani cha Kitengela, ambaye mashine zake zinasimama zenyewe. Huyo Musila alimsikiliza akiwa amesimama, akitembea, akichora kebo hewani kwa kidole. Alipomaliza akanigeukia. "Ni hii moja tu, Kavutha. Na pengine Metito. Halafu nakuja."

Nilimwambia akae. Tulikaa kwenye ukingo wa birika.

"Musila, pampu imevuka?"

"Imevuka."

"Kwa hiyo unakuja nyumbani?"

Alianza kusema Disemba. Nikamwekea kidole mdomoni. "Usiniambie mwezi. Niambie ukweli."

Aliitazama mikono yake, ile mikono ya makovu ya kisu cha kebo. "Nikija Entarara nitakuwa na furaha wiki mbili," alisema. "Halafu nitaanza kufungua redio yako kwa bisibisi. Halafu nitakuwa nakusumbua shambani na uso wa mgonjwa. Sijui kukaa, Kavutha. Nilidhani ni hii pampu imenishika."

"Hata mimi nilidhani ni hii pampu."

"Na wewe ukihamia Kitengela?" Aliuliza akijua jibu. Aliniuliza hata hivyo, kwa heshima.

"Nikae kwenye chumba nitazame ukuta wa kebo? Mimi nikikosa udongo chini ya kucha ninaugua. Hata wewe unajua."

Nililia, na sikujificha. Miaka yote nilikuwa na kitu cha kulaumu, leo shamba, kesho radi, keshokutwa ng'ombe, na kilikuwa kinanifaa. Sasa hakikubaki kitu cha kulaumu. Alikuwepo tu mtu anayenipenda, na kazi anayoipenda, na ardhi ninayoipenda mimi, na njia ndefu katikati. Yeye naye alilia, kwa namna ya wanaume wa kwetu, akijifanya anafuta jasho.

Simu ikaita pale ukingoni kati yetu. Ni Metito. Musila hakuigusa. Alinitazama mimi.

"Pokea," nikamwambia. "Mwambie utakuja Jumatatu. Mpaka Jumapili niko na mume wangu."